Siku moja na wachota udongo wa msitu ulioungua

Saa 11 alfajiri macho. Saa 12 tumepakia mabomba ya chuma, nyundo na mifuko ya sampuli, saa 1 tuko msituni. Moto umeshazimwa na wapiga picha wameondoka. Ndipo zamu yetu inapoanza: kupima moto umeufanyia nini udongo na kaboni yake.

Saa 2 tunatangulia na fito. Mizizi huungua chini kwa chini na kuacha mashimo yaliyofunikwa na majivu, ukikanyaga vibaya unazama hadi goti. Majivu nayo tunayasoma: meusi bado yana mkaa, na mkaa ukifukiwa unaweza kukaa karne kadhaa bila kuoza. Meupe maana yake karibu kila kilichokuwa mmea kimeteketea, kaboni yake imeshapaa angani.

Saa 3 hadi 6 ni kugonga bomba, kuchomoa, kuandika lebo.

Halafu tone la maji. Jamani, hili tone! Joto hugeuza nta ya majani kuwa mvuke, ukashuka na kugandia chembe za udongo, maji yakakataa kupenya. Basi unadondosha tone unashika saa. Likinywewa ndani ya sekunde 5, salama. La leo limekaa juu kama shanga. Dakika 10. Dakika 20. Kivuli hakuna, miti yote ni nguzo nyeusi, mgongo unawaka, barakoa imelowa jasho, na sisi watu wazima tumechuchumaa kutazama tone. Huruhusiwi kuondoka, kwa sababu mvua ikija hapa haitazama: itateleza na kuzoa tabaka la juu, lile lile lenye mboji.

Katikati ya hayo bosi anapiga simu: "Nipe namba moja tu, msitu umetoa kaboni kiasi gani?"

Namba moja! Udongo wenye unyevu hauvuki sana nyuzi 100 mpaka maji yaishe, kwa hiyo sentimita chache chini mboji huenda ni nzima. Hatua mbili pembeni, gogo limeungua siku nzima, joto limepita 200 kwa mbali, mboji imekwenda na udongo umegeuka mwekundu. Tena hesabu haijafungwa: mizizi iliyokufa itaoza kwa miaka ikitoa kaboni, na miti ya kuinyonya haipo.

Jioni, sijui saa ngapi, sampuli zinaingia tanurini nyuzi 105 zikauke. Baadaye tutazichoma kwa 550 na kupima uzito uliopungua, tukadirie mboji iliyokuwa imebaki. Bosi ameshatuma ujumbe mwingine. Nitamjibu nikishaoga.