Daftari la mhazini nalo ni urithi

Jamani watu wa Iringa, mhazini wa kwaya akimaliza muda wake lile daftari lake huwa linaenda wapi? Mengi nayoyaona yanaishia kuwashia moto jikoni au kufungia maandazi, na mimi kama mhasibu inaniuma sana.

Maana maandishi yenyewe yalianzia kwenye hesabu. Vile vibao vya udongo vya Uruk, kule Iraki ya leo, vina zaidi ya miaka 5,000 na vingi ni hesabu za shayiri, bia na mifugo, mashairi yamekuja baadaye sana. Halafu Luca Pacioli, yule mtawa aliyechapisha Venice mwaka 1494 maelezo ya debiti na krediti, yaani kuandika kila muamala pande mbili, tunayosoma mpaka leo, ndiye huyohuyo aliyemfundisha Leonardo da Vinci hisabati, na Leonardo akamchorea michoro ya kitabu chake kingine. Hata Shakespeare, hesabu za mfalme wa Uingereza za 1604 zimemtaja kwamba alipewa yadi 4 na nusu za kitambaa chekundu, yaani karani alikuwa anafunga hesabu zake tu na leo wanahistoria wa sanaa wanashukuru.

Sasa chukua daftari la kikundi cha ngoma au kwaya ya kijijini. Kuna vitambaa vya sare, nauli ya lori kwenda kuimba mkoa mwingine, nani alichanga mahindi na nani alichanga hela. Ukikuta mwaka baada ya mwaka wananunua ngozi ya kuwambia ngoma, halafu ghafla ngozi zinapotea linaingia deni la kinanda, hapo ushajua muziki wa pale ulibadilika lini na uliwagharimu nini, na hakuna mzee atakayekukumbukia kwa usahihi ule.

Ila kila kitu kutiwa bei hapana. Pale Kalenga lipo fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyejiua 1898 asikamatwe na Wajerumani, nao wakalichukua, mkataba wa amani wa Versailles wa 1919 ukalitaja kabisa kwenye kifungu cha 246, na likarudi 1954. Niliandike shilingi ngapi kwenye rejista ya mali? Sithubutu! Nashukuru hata kiwango kipya cha kimataifa cha uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS 45, kilichoanza kutumika Januari 2025, kinaelewa kwamba kuna mali za urithi ambazo thamani yake haipimiki kwa uhakika, zinaelezwa kwa maneno. Basi maneno hayo yaandikwe kwa kirefu, sio mstari mmoja.

Kwa hiyo wahazini wenzangu, kabla ya kukabidhi ofisi piga picha kurasa zote, hata zile za madeni, msichane majina ya watu. Na nyie wa Njombe na Mufindi unyevu wa huko mnaujua wenyewe, daftari msiliache sakafuni.