Hema la mtu mmoja, pakiti moja ya unga

Hema langu la kwanza nililinunua Mombasa kwa shilingi 2,500, na halikumaliza usiku. Kwenye mfuko wake palichorwa mlima wenye theluji, na mimi mtu wa Malindi. Hapo ndipo ningelishtuka.

Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Siku nyingi twenda mdomo wa mto Sabaki au msitu wa Arabuko-Sokoke, na jioni kila mtu hulala kwake. Tatizo ni Dakatcha, ule mwitu ulioko nyuma ya Marafa. Huko ndiko anakozaliana kwera wa Clarke, ndege ambaye duniani kote hapatikani ila katika kaunti yetu ya Kilifi. Viota vyake havikuwa vimejulikana mpaka mwaka 2013, vilipoonekana huko huko Dakatcha, kwenye vidimbwi vya msimu vinavyojaa mvua ikinyesha. Ukitaka kumwona vizuri sharti uwe karibu na dimbwi alfajiri, na boda hukuacha mbali. Kwa hiyo ni kutembea na kulala. Wageni huja na mahema yao mepesi. Mimi nilikuwa nikijifunika turubai na chandarua cha nyumbani kilichofungwa kwenye matawi, mpaka mgeni mmoja akaniuliza kwa upole kama nahitaji kukopa hema. Nikaona haya.

Basi nikanunua lile la mlima wa theluji, nikalipeleka ufuoni Mambrui kulijaribu. Ilikuwa mwezi wa Juni, kusi imeshika. Hema lilikuwa na tabaka moja tu, kitambaa kile kile ndicho ukuta ndicho paa, na kidirisha kama cha kiganja. Mchanga ulikuwa ukipeperuka, nikafunga mlango. Ilipofika saa tano usiku kuta zilikuwa zimelowa kwa ndani, si mvua, ni pumzi yangu mwenyewe. Nikifungua, mchanga na mbu. Nikifunga, ni chungu cha pilau kilichopaliliwa makaa juu na chini. Mnamo saa nane vigingi vikang'oka kwenye mchanga, hema likapinduka upande mmoja, na ufito mmoja ukapasuka kwa urefu. Zile fito zilikuwa za faibaglasi. Zikipasuka hutoa miiba myembamba kama ya samaki, na niliishika gizani kwa kiganja kizima. Usiku uliobaki nililala ubavuni mwa mashua.

Mwenye mashua alinikuta alfajiri nachomoa miiba kwa meno. Alicheka sana, kisha akanifundisha kitu ambacho sijakiona kwenye maelezo ya hema lolote. "Mchanga haushiki msumari, mwanangu. Mchanga washika kilicholala." Akachukua kipande cha mti cha urefu wa mkono, akafunga kamba katikati, akakizika kimelazwa, kina cha goti, akakanyaga. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, hakikutoka. Kama hakuna mti, kifuko cha gunia la sukari kilichojazwa mchanga na kuzikwa hufanya kazi ile ile. Mpaka leo nabeba vifuko vinne, uzito wake haufiki hata simu.

Niliporudi mjini nilianza kusoma habari za mahema, na nikagundua kwamba wengi wanaoandika wanaogopa baridi. Wanasifu hema linaloziba upepo na kuhifadhi joto. Pwani yetu hiyo ni laana. Sisi tunahitaji hema la tabaka mbili: la ndani liwe neti karibu lote, la nje liwe kitambaa cha kuzuia mvua, na kati yake hewa ipite. Pumzi yako inapita kwenye neti, inagandia kitambaa cha nje, inateremka nje ya malazi yako. Usiku usio na mvua unaondoa kile cha nje kabisa, unalala kama uko kwenye chandarua kwenu. Lakini neti yenyewe iangalie tundu zake. Chandarua cha kawaida huzuia mbu. Usubi wa kwenye mikoko ya Mida hupita humo akiimba. Neti inayofaa, tundu zake huzioni mpaka uisogeze karibu na jicho.

Kisha uzito. Nilitafuta kipimo ambacho ningekielewa bila mizani, nikakipata dukani: pakiti ya unga wa ugali ni kilo 2. Hema la mtu mmoja likizidi pakiti moja ya unga, silitaki. Zipo nyepesi zaidi, hata chini ya kilo moja, lakini bei yake ni ya pikipiki kuukuu. Na kwa nini nijali kilo moja? Kwa sababu Dakatcha hakuna bomba. Nabeba lita tano za maji, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kila kilo ya ziada kwenye hema ni lita moja ya maji niliyoiacha nyumbani, au mgongo wangu.

Urefu ndio unaowadanganya watu. Hema huandikwa sentimita 205, nawe una 183, waona umebakiwa na nafasi. Hujabakiwa. Kuta zimeinama, kwa hiyo kichwa na vidole vya miguu vinagusa kitambaa kilicholowa. Nilitandaza mkeka, nikalala chali, nikamwambia mdogo wangu achore kwa makaa juu ya kichwa na chini ya nyayo, akiongeza shubiri moja kila upande. Kisha nikaketi, akanipima kutoka sakafuni hadi utosini: sentimita 94. Mama alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi.

"Mwapimana sanda?"

"Hema, mama."

"Nyumba ina vyumba vitatu, wewe wataka kulala kwenye mfuko."

Hilo la sanda lilinifuata. Baadaye, mara ya kwanza nilipolisimamisha hema jipya kwenye boma la mzee mmoja karibu na Marafa, baada ya shikamoo na kuomba ruhusa, alilizunguka mara mbili akiwa ameshika mikono nyuma, akasema, "Mwanangu, hii nyumba yako mbona ina umbo la kaburi?" Nami sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli.

Hema jipya la namna niliyoitaka lilikuwa ghali kuliko uwezo wangu. Nikampigia simu mtoto wa khalati yangu anayefanya kazi Nairobi, apite Gikomba, kwenye mitumba. Mahema hufika huko yakiwa yametumika msimu mmoja au miwili, mengine hayajaguswa. Nilimpa masharti: fito za alumini, neti ndani, fito zipishane ili hema lisimame lenyewe bila kutegemea vigingi. Mahema mengine mepesi husimama kwa kuvutwa na vigingi tu, au kwa fimbo ya kutembelea. Ni mazuri kwenye udongo wa nyasi, lakini kwenye mchanga wa Sabaki au mwamba wa matumbawe utalia. Akanipigia akiwa sokoni, makelele pande zote.

"Nimepata moja. Kijani, zuri."

"Linuse."

"Ninuse nini?"

"Hema. Tia pua ndani."

Kimya. Kisha, "Lanuka kama mtoto aliyecheua."

"Rudisha."

Hili ndilo jambo ninalomwambia kila anayetaka kununua hema la mtumba. Vitambaa vingi vya hema la bei nafuu hupakwa poliurethani upande wa ndani, na huo upako ndio unaozuia maji, si kitambaa. Hema likikunjwa bichi na kuwekwa mahali pa joto, upako huoza polepole. Unaanza kunata, unabanduka kama ngozi iliyoungua jua, na unatoa harufu ya matapishi. Ukishafika hapo hakuna fundi. Muuzaji atakwambia ni harufu ya stoo. Si ya stoo.

La tatu likawa na harufu ya moshi. Moshi si neno, nikamwambia, ila ulinyanyue juani utazame matundu ya cheche. Hakukuwa na tundu. Shilingi 4,800, na nauli ya kifurushi kwenye basi.

Lilifika likiwa na uzito wa kilo 1.7 kwenye mizani ya muuza viazi. Lebo ilikuwa imefutika, kwa hiyo sikuweza kusoma kile kipimo cha milimita. Kwa asiyekijua: ni urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa kinaihimili kabla hakijavuja. Paa lenye 1,500 linatosha kwa mvua nyingi. Sakafu afadhali iwe 3,000 au zaidi, maana goti lako linapoikandamiza kwenye tope, maji husukumwa juu kwa nguvu kuliko mvua inavyopiga. Mimi nikafanya kipimo cha uani. Nikatengeneza kibonde kwenye kitambaa, nikamimina kikombe cha maji, chini nikaweka gazeti, nikaenda kunywa chai. Nusu saa baadaye gazeti lilikuwa kavu. Kisha nikalisimamisha hema lote, nikaingia ndani, na watoto wa jirani wakapewa ndoo na ruhusa. Sijawahi kuona watoto wanafanya kazi kwa bidii namna ile.

Paa halikuvuja. Mshono mmoja ulivuja, juu kabisa ya uso, pale utepe wa ndani ulipokuwa umebanduka. Hapo nikafanya kosa langu mwenyewe. Nilichukua silikoni ya vioo vya dirisha, ile ya hardware, nikapaka mshono wote vizuri. Ilipendeza. Wiki moja baadaye nikaivuta kwa ukucha ikatoka nzima kama ngozi ya nyoka. Silikoni hushika kitambaa kilichopakwa silikoni. Kilichopakwa poliurethani chataka gundi ya poliurethani. Nikaanza upya.

Fundi cherehani wangu, ambaye kazi yake hasa ni kanzu, alinishonea kitandiko cha chini kutokana na turubai. Nilimwomba akikate kiwe kidogo kuliko sakafu ya hema, inchi mbili kila upande. Aliona nafanya ubahili. Lakini kitandiko kikitokeza nje, mvua inayoteremka kwenye paa hukidondokea, kisha maji hukimbilia katikati, na wewe umelala juu ya birika. Baada ya kumweleza alikata inchi tatu.

Safari ya kwanza ilikuwa mwezi wa Aprili, mimi na mgeni mmoja, mvua za masika zimeshaanza na vidimbwi vimejaa. Nililisimamisha hema kwa dakika tano, mbali na miti mikavu, kwenye mwinuko mdogo wa ardhi ili maji yasitulie. Nikaacha kitambaa cha nje kimekunjwa upande mmoja, tayari. Nilikuwa nimelala nikitazama nyota kupitia neti, nikimsikia kitaumande wa Sokoke, yule bundi mdogo, akiita mbali, tuu, tuu, tuu, sauti moja isiyopanda wala kushuka. Saa tisa upepo ukabadilika, nikasikia harufu ya mvua. Nilitoka, nikavuta kitambaa, nikafunga kamba nne, nikarudi ndani kabla ya tone la kumi. Kisha ikamwagika hasa. Nililala nimeweka kiganja kwenye mshono wa juu ya uso, nasubiri. Ulibaki mkavu. Nadhani nilisinzia mkono ukiwa bado juu.

Asubuhi kitambaa cha nje kilikuwa na umande wa pumzi kwa ndani, na neti ilikuwa kavu. Tuliwaona kwera kabla jua halijatoka vizuri, kundi zima, manjano na meusi, wakiingia na kutoka kwenye majani ya dimbwi.

Niliporudi kukunja ndipo nikaona kazi ya mchwa. Usiku mmoja tu walikuwa wamekula turubai la fundi kutoka chini, njia nyembamba za udongo na matundu kama ya sarafu, matatu. Sakafu ya hema yenyewe hawakuifikia. Nikaiosha nyumbani kwa maji baridi, zipu nikazipaka mshumaa kwa sababu chumvi ya hewa yetu huzila, nikaanika kivulini siku nzima maana jua kali nalo hudhoofisha kitambaa. Silitii tena kwenye mfuko wake mdogo. Naliweka kwenye foronya ya pamba, juu ya kabati, limelegea.

Fundi ameniomba nimletee turubai jingine, mita mbili. Lile la zamani mama amefunikia banda la kuku, pamoja na kitambaa cha hema la mlima wa theluji. Anasema ndani ya banda pana joto sana, kuku wamekataa kuingia.