WRX ya Casuarina: mlio umepatikana, ni beringi ya silinda ya tatu

Umepatikana. Ule mlio ulioninyima usingizi tangu nilipoanza kuikagua, kabla ya kuinunua, Subaru WRX ya buluu iliyolala barabara ya Casuarina, Malindi, sasa unajulikana unatoka wapi: beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini), silinda nambari tatu. Leo alasiri, injini ikiwa moto sawasawa, nilichomoa waya wa injekta ya silinda hiyo, inayonyunyizia petroli, na mlio ukafifia papo hapo. Nikaurudisha, nao ukarudi. Nikarudia mpaka mwenye gari akatoka barazani kuja kusikia mwenyewe.

Gari ni Impreza ya bodi ya GDA, injini EJ205 ya lita mbili yenye turbo, gia za mkono. Jina la kwenye logibuku ni la mwenyewe, nilihakikisha kwa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kabla ya kushika spana. Kutu ipo kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na kidogo kwenye fremu ndogo ya nyuma, si ya kutisha kwa gari lililokaa karibu hivyo na bahari. Kompresheni nilipima, silinda zote nne zilikaribiana sana. Kwenye injini hii plagi zimejificha ubavuni, lazima utoe betri na boksi la hewa ndipo mkono uingie, na ngozi ya vidole ikabaki huko. Watu wengi wakishaona kompresheni nzuri huhesabu pesa. Lakini kompresheni inakueleza habari za ringi, valvu na gasketi ya kichwa. Haikuelezi lolote kuhusu krenki.

Shida ya mlio huu ni kwamba hauji ukiitwa. Asubuhi ukiwasha, kimya. Sindano ya joto ikifika katikati, kimya. Ukizunguka nalo mjini ukarudi, kimya. Ila ukivuka daraja la Sabaki, ukalivuta vizuri mpaka Gongoni, ukarudi, ukalisimamisha na kupiga resi hadi mizunguko 2,500 kwa dakika kisha ukaachia, ndipo unapotoka wakati mzunguko unashuka: tok-tok-tok, kama mtu anayebisha mlango wa chumba cha ndani kwa kifundo cha kidole. Muda mfupi tu, halafu umepotea.

Sababu yake ni oili. Sindano ya kwenye dashibodi inasoma maji, na maji hupata moto mapema kuliko oili. Oili ikiwa bado nzito hujaza ule mwanya wa beringi iliyolika na kuufunika mlio. Ikishakuwa nyepesi kweli kweli, presha inashuka na mwanya unajitokeza. Kwa hivyo muuzaji akikwambia "injini tayari imeshika moto, sikiliza", hasemi uongo, lakini bado hujasikia kitu. Lipeleke mbali kwanza.

Kabla ya kufika kwenye beringi ilinibidi niondoe watuhumiwa wengine mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa lile bati la kukinga joto la ekzosi. Kwenye Subaru bati hilo hulegea, na kwa chumvi ya huku boliti zake huliwa zikaisha. Nililifunga kwa klipu kubwa ya hosi, na sauti moja ya kuudhi ikafa, ila tok-tok ikabaki. Nikashuku ekzosi yenyewe inavuja kwenye gasketi. Lakini uvujaji wa ekzosi husikika zaidi injini ikiwa baridi na hupungua chuma kikitanuka. Pistoni inayocheza ndani ya silinda nayo ni hivyo hivyo, kelele za asubuhi. Mlio wangu ulikwenda kinyume cha hiyo yote miwili. Tenshona, inayokaza taimingi belti, niliisikiliza kwa kugusa kava lake la mbele. Safi.

Fundi mmoja ninayemheshimu sana hapa Malindi alishikilia kuwa ni tapeti, kile kidude kinachosukuma valvu. Sikubaliani naye, na nilimwambia kwa adabu. Tapeti haijali kama silinda yake inapiga moto au la. Ukichomoa injekta itaendelea kugonga vile vile, kwa sababu kamshafti bado inazunguka. Beringi ya konrodi ni tofauti: ukiiondolea mzigo wa mlipuko inatulia. Na chomoa injekta, usichomoe koili ya plagi. Ukitoa koili, petroli mbichi inaendelea kumwagika silindani na kwenye ekzosi.

Ushahidi wa pili ulitoka kwenye filta. Nilimwomba mzee mwenye gari ruhusa ya kumwaga oili na kuweka mpya kwa gharama yangu, akakubali. Hapa nina maoni makali: usikate filta kwa msumeno wa chuma! Utajaza vumbi la msumeno humo ndani kisha ukae kulichunguza ukidhani ni la injini. Tumia kikata-filta, kile cha gurudumu dogo linalozunguka ukingoni. Niliikunjua karatasi yake, nikaisuuza kwa petroli ndani ya beseni safi, nikachuja kwa kitambaa cheupe na kukipeleka juani. Ving'ao vilikuwepo. Nikapitisha sumaku, ikaokota kidogo tu. Vingi vilibaki kitambaani, navyo ndivyo vinavyosema, kwa sababu chuma cha krenki hushikwa na sumaku lakini madini laini ya beringi hayashikwi.

Kuhusu vifaa vingine: stethoskopu ya fundi ni nzuri, lakini kwa mlio mzito wa chini bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, bado ninaiamini zaidi. Kile kidude cha ELM327 cha kusomea kompyuta ya gari, kinachouzwa kila mahali, kilikataa kabisa kuzungumza na gari hili. Subaru nyingi za soko la Japani za umri huu zinatumia lugha yao wenyewe, SSM, kwa hiyo nilitumia kebo ya KKL na programu ya FreeSSM kwenye laptopu. Kompyuta ya gari ilikuwa inarudisha taimingi nyuma, yaani kuchelewesha cheche, hata bila mzigo mkubwa, maana sensa ya noki husikia beringi na kudhani ni mlipuko mbaya. Peke yake isingenitosha, mafuta mabovu pia yanaweza kuleta hivyo. Pamoja na filta na injekta, nimetosheka.

Mzee alipofika aliniambia, "Mwanangu, injini hii haijafunguliwa tangu itoke Japani."

"Nakuamini, mzee wangu. Lakini hebu sikiliza hapa."

Nikampa bisibisi, nikachomoa na kurudisha ule waya. Alisikiliza kwa utulivu, akainuka. "Basi bei tuizungumze upya." Muungwana yule.

Nilikuwa nimepanga jioni hii nimalizie giaboksi: kurudi gia ya pili kwa mwendo, kisha kulizungusha polepole uwanjani usukani ukiwa umekatwa wote ili nisikie kama kapling ya kati, ile iliyo baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imeshikana. Sikufika huko, kwa sababu kichwa kimeshahamia kwingine. Bodi hii ni nzima kuliko nyingi nilizolala chini yake pwani hii. Nikilinunua kwa bei ya gari lisilo na injini, naweza kutafuta EJ205 iliyovuliwa Japani kutoka kwa wauzaji wa Mombasa.

Na injini iliyo sakafuni inakaguliwa vizuri kuliko iliyo ndani ya gari. Nitabeba soketi ya 22 ya kuzungushia krenki, na sharti langu kwa muuzaji ni moja: sampu, lile bakuli la oili la chini, inafunguliwa kabla ya kutajiana bei. Kila konrodi nitaishika kwa mkono. Ikicheza kidogo upande kwa upande ni kawaida yake. Ikicheza juu na chini, hata kwa kuhisi tu, injini hiyo siitaki. Bomba la kunyonyea oili nitaweka jipya vyovyote iwavyo, maana kwenye EJ za turbo huweza kupasuka pale lilipochomelewa, pampu ikavuta hewa, na nashuku hivyo ndivyo silinda ya tatu ya gari hili ilivyokosa oili.