Mistari ya msuli chini ya hadubini

Kipande chembamba cha nyama ya paja la mbuzi, kikishatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini katika maabara yetu hapa Mombasa, huonyesha nyuzi ndefu zilizolala sambamba, na kila uzi una mistari myeusi na myeupe inayopishana mwanzo hadi mwisho. Kila uzi ni seli moja. Upana wake ni kati ya mikromita 10 na 100, lakini urefu waweza kufikia sentimita kadhaa, na kwa kuwa hutokana na seli changa nyingi zilizoungana, una viini vingi, vyote vimesogezwa pembeni, chini tu ya utando.

Mistari hiyo ndiyo inayonivutia zaidi. Ndani ya seli mmejaa vijiuzi vilivyogawanyika katika vipande vidogo viitwavyo sakomea, kila moja ikiwa na urefu wa mikromita 2 na kitu. Katikati yake hukaa nyuzi nene za protini iitwayo miosini, ambazo ndizo zinazofanya sehemu nyeusi, na kutoka kila upande huingia nyuzi nyembamba za protini nyingine, aktini. Msuli unapojikunja ni rahisi kudhani kwamba nyuzi hizi zinafupika. Lakini mwaka 1954 watafiti Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na vilevile Hugh Huxley na Jean Hanson, walionyesha kwamba sehemu nyeusi hubaki na upana uleule ilhali nyeupe hupungua: nyuzi hupitana tu, kama vidole vya mikono miwili vinavyopenyezana.

Hamali anapoukaza mguu kuusukuma mkokoteni wake pale Kongowea, ishara ya neva huzama ndani ya seli kwa mirija midogo, kalsiamu ikafunguliwa kutoka ghalani mwake na kushikamana na troponini, protini iliyo juu ya uzi wa aktini, na hapo vichwa vya miosini, yaani ncha zinazochomoza kwenye nyuzi zake, hupata njia ya kuishika aktini na kuivuta.

Wengi hujua kwamba kuvuta kunahitaji nguvu ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Wachache hujua kwamba hata kuachia kunaihitaji. Ndiyo maana samaki aliyevuliwa hukakamaa baada ya muda: ATP imekwisha, na vichwa vya miosini vimebaki vimeng'ang'ania aktini. Baadaye hulegea tena, si kwa sababu vimeachia, bali kwa kuwa vimeng'enya vya seli yenyewe vimeanza kuzikata protini zinazoishikilia sakomea.