Slaidi ya gari-nyumba imegoma: pima volti, kagua hendibreki, mota iache mwisho

Ukipita kwenye kambi za nje ya mji wa Arusha ukaona gari kubwa la Kimarekani ambalo ubavu wake umechomoza kama droo ya kabati, hiyo ndiyo slaidi. Ni kipande kizima cha chumba, pamoja na kitanda au sofa iliyomo, kinachosukumwa nje na mota gari likiwa limesimama, kisha kikarudishwa ndani kabla ya safari. Ikigoma kutoka, mgeni analala amejikunja. Ikigoma kurudi, gari haliondoki. Anayeitwa ni fundi umeme wa magari, tuseme wa Unga Limited, na wengi hukimbilia kufungua mota. Mota ndiyo ya mwisho kuguswa.

Sababu ni kwamba slaidi nyingi haziruhusiwi kutembea mpaka gari lithibitishe kuwa limetulia. Ulinzi huo unaitwa intaloki. Kuna magari yanayotaka hendibreki iwe imevutwa, mengine gia iwe nyutro au paki, mengine jeki za kusawazisha ziwe zimeshuka. Kwenye ufunguo ndiko watu wanakopotea zaidi: yapo yanayotaka uzimwe kabisa, na yapo yanayotaka injini iwe inanguruma ili alternata isaidie betri. Ulichojifunza kwenye gari la kwanza kinaweza kukudanganya kwenye la pili, kwa hiyo soma kwanza stika iliyo karibu na swichi ya slaidi. Angalia pia kama nondo au vyuma vya kufungia slaidi wakati wa safari vimetolewa. Mtu akibonyeza swichi vyuma hivyo vikiwa bado vimefungwa, anaweza kupinda reli.

Masharti yakishatimia, chukua mita. Betri ya asidi ya volti 12 iliyopumzika na kujaa husoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Lakini kipimo cha betri iliyolala hakitoshi. Mwambie mwenzako abonyeze swichi huku wewe ukiangalia mita kwenye vichwa vya betri, kisha urudie kwenye waya zinazoingia kwenye mota. Volti zikianguka chini ya 11 pale pale kwenye betri, tatizo ni betri au chaji yake. Betri ikibaki 12.3 lakini mota ikapata 10, kuna mahali njiani panapokula umeme: kichwa kilicholegea, fyuzi yenye kutu, au ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye chuma cha gari) iliyoungwa juu ya rangi ya chesisi. Weka ncha moja ya mita mwanzo wa waya na nyingine mwisho wake, mota ikiwa inavuta. Zaidi ya nusu volti kwenye waya mmoja ni ya kutilia shaka. Upande wa ethi upimwe vilevile, maana ndio unaosahaulika, na barabara mbovu hulegeza boliti zake.

Kuna chanzo kingine cha betri tupu ambacho gari la Kimarekani hukutana nacho likifika huku. Chaja yake ya ndani imetengenezwa kwa volti 120. Soketi zetu zinatoa 230. Mtu akibadilisha plagi tu na kuchomeka, chaja inaungua, na kwa siku mbili tatu hakuna anayejua kwa sababu taa za ndani bado zinawaka kwa betri. Slaidi ndiyo ya kwanza kulalamika kwa kuwa inavuta ampea nyingi. Dawa ni transfoma ya kushusha 230 hadi 120. Chaja inayotoa ampea 55 inahitaji kama wati 1,000 peke yake, kwa hiyo vile vitransfoma vidogo vya redio havifai. Gari la Ulaya halina shida hii.

Volti zikiwa sawa na slaidi bado kimya, rudi kwenye intaloki na usikilize rilei, yaani swichi inayovutwa na koili ya umeme na kugonga ikifunga. Ikigonga lakini chumba hakiendi, masharti yametimia. Tafuta waya au fyuzi iliyokatika baada ya rilei, au migusano yake iliyoungua. Isipogonga kabisa, huenda kuna sharti halijafika. Kwenye rilei ya kawaida, pini 85 na 86 ni za koili, 30 na 87 ndizo zinazopitisha umeme mkubwa. Pima koili mtu akiwa amebonyeza swichi: usipopata volti 12 kati ya 85 na 86, fuata ule upande unaokosekana, uwe chanya au ethi. Rilei ya pini tano ya ampea 40 inapatikana kirahisi kwenye maduka ya spea, ila linganisha mchoro uliochorwa ubavuni kabla ya kuichomeka.

Mtuhumiwa wa kwanza kwangu ni swichi ya hendibreki. Kwenye magari mengi yasiyo ya breki za upepo, ni swichi ndogo inayogusisha waya kwenye ethi ukivuta mkono. Washa ufunguo, vuta hendibreki, tazama taa ya dashibodi. Taa isipowaka, kuna uwezekano mkubwa boksi la slaidi, yaani kompyuta ndogo inayoiongoza, nalo halioni kitu. Vumbi likiingia, swichi haigusishi. Kuthibitisha, chomoa waya wake na uuguse kwenye chesisi kwa waya wa majaribio wenye fyuzi ya ampea 3. Slaidi ikitii, umepata jibu. Kwa breki za upepo swichi ni ya presha, kwa hiyo njia hii usiitumie kabla ya kuona mchoro wa gari.

Waya wa majaribio utoke kabla hujafunga boksi la vifaa. Ukiuacha, umeondoa ulinzi wote, na mtoto akigusa swichi gari likiwa linapita Usa River, chumba kinachomoza kwenye njia ya bodaboda. Tena usukani wa magari haya uko kushoto, na slaidi kubwa mara nyingi iko upande huo huo, ambao kwetu ndio upande wa watembea kwa miguu.

Sasa mota. Ikizunguka na chumba kisiende, kwenye mfumo wa meno na reli chini ya sakafu, tazama pini ya kukatika kwenye shafti. Imewekwa ikatike ili meno yasivunjike, kwa hiyo usiweke boliti ngumu mahali pake. Mfumo wa haidroliki ukinguruma bila nguvu, pima oili kwanza, slaidi zote zikiwa ndani na jeki zikiwa juu. Mingi hutumia ATF, yaani oili ya gia za otomatiki, ya aina ya Dexron III.

Mfumo wa Schwintek, wenye mota mbili ndani ya ukuta, ndio unaosumbua zaidi. Kila upande una mota yake, na boksi huzilinganisha kwa sensa. Upande mmoja ukibaki nyuma, chumba kinakaa mshazari na boksi linazima. Kwanza jaribu kulinganisha upya: toa chumba mpaka mwisho, endelea kushikilia swichi hadi mota zizime zenyewe, rudisha inchi chache, rudia mara kadhaa. Ikishindikana, bonyeza kitufe cha modi kwenye boksi mara 6 haraka, mara ya 7 ukishikilie kama sekunde 5 mpaka taa nyekundu na kijani zimwekemweke. Hapo unarudisha chumba kwa swichi ya ukutani, lakini mota hazilinganishwi tena. Weka mtu kila upande atazame. Mmoja ukibaki nyuma, bonyeza modi mara moja utoke.

Grisi kwenye reli hizi hapana. Vumbi la kijivu la kiangazi likishika grisi linakuwa msasa. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha pulizia kilainishi kikavu cha PTFE (plastiki telezi). Mipira ya pembeni ipake silikoni, kamwe si dizeli wala oili chafu, kwani mpira unavimba na kukatika. Na usitoe slaidi gari likiwa limeinama. Wakati wa masika weka vibao vipana chini ya jeki, la sivyo gari linazama usiku na asubuhi chumba kimebana.

Yote yakishindikana, mfumo wa meno na reli una ncha ya kuzungusha kwa mkono. Legeza breki iliyo nyuma ya mota, zungusha kwa spana ya raketi, na asiwepo mtu kati ya chumba na ukuta. Kikishaingia, rudisha breki ya mota mahali pake na ukifunge kwa ndani. Breki ikibaki wazi, matuta mawili matatu yanatosha kukianzisha kutoka.