Fedha za Maji Zitakaa kwa Nani?

Mwaka 2006 nilikuwa karani wa shirika moja lililokuwa likichimba visima vijijini mkoani Dodoma. Kazi yangu ilikuwa kuandika muhtasari wa mikutano, na mkutano mmoja wa kiangazi kile ninaukumbuka mpaka leo.

Kisima kirefu kilikuwa tayari, na mashine ya dizeli ilishafika. Kabla ya hapo akina mama walikuwa wakifukua mchanga wa korongo alfajiri na kuchota kwa kibuyu, kidogo kidogo, hadi ndoo ijae. Basi hakuna aliyeupinga mradi. Mitaro waliichimba wenyewe, mawe na mchanga wakasomba. Kwenye ripoti zetu hayo tuliyaita ushirikishwaji.

Bosi wetu akaeleza kuwa ndoo ya lita 20 itauzwa shilingi 20, na fedha zitatunzwa ofisini kwetu mjini "mpaka mtakapozoea".

Mama mmoja mtu mzima akasimama. "Mbukwenyi!" akatusalimu kwa Kigogo. Tukaitikia. Akaonyesha mashine kuukuu iliyoota kutu nyuma ya zahanati.

"Wanangu, ile ilikufa kwa kukosa mkanda tu. Hela ya mkanda ilikuwepo, lakini ilikuwa mjini, na aliyeishika hatukumjua. Sisi tunacheza upatu tangu enzi za mama zetu, na hakuna aliyedhulumiwa. Hizi za maji zitushinde kwa nini?"

Makofi yalipigwa. Bosi akasema wafadhili wanataka hesabu safi. Mwenyekiti wa kijiji akamjibu kwa upole kwamba mapato na matumizi ya kijiji husomwa kwenye mkutano mkuu kila miezi mitatu, na ya maji yatasomwa hapo hapo. Mtaalamu wa maji kutoka wilayani akaongeza kuwa Sera ya Maji ya 2002 inataka watumiaji wenyewe wamiliki na kuendesha miradi yao. Bosi akaomba muda, hakupewa. Kamati ikachaguliwa palepale, wanawake nusu kwa nusu, ikaamuliwa ifungue akaunti yake benki.

Nilifurahi sana. Mtu anayechimba mtaro bila kuwa na kauli juu ya fedha ni kibarua asiyelipwa, hata tumwite jina gani zuri.

Miezi mitatu baadaye nilirudi kuwasikiliza. Mweka hazina, mama kijana, alisoma daftari mstari kwa mstari: dizeli, oili, posho ya mlinzi. Mzee mmoja akauliza mbona oili imenunuliwa mara mbili. Mama akafungua fundo la kanga, akatoa risiti zote mbili, zikapita mkono kwa mkono hadi safu ya nyuma. Mzee akaridhika.

Wakahamia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe: wachange wenye mifugo peke yao, au kijiji kizima? Walibishana kweli kweli. Sisi wa shirika hatukuulizwa. Tuliambiwa wakikubaliana watatuandikia barua.