Ukungu wa Irente nimeuacha

Tuelewane kwanza: picha ya mlima isiyoguswa haipo. Ukipiga kwa simu pale Irente, ukingoni mwa mlima juu ya Lushoto, simu yenyewe imeshakoleza kijani, imeshanoa kingo za miti na kuinua vivuli kabla hujaitazama. Kamera ikikupa JPEG, yaani faili la picha lililokwisha kupikwa, nayo imeshakuamulia. Mtu akijisifu kwangu kwamba yeye haediti, huwa namuuliza basi ni nani aliyeiediti.

Mimi napiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, na sababu ni ya kazi tu. Irente inatazama magharibi. Alasiri jua linakujia usoni, anga linawaka, na ule mteremko wa kushukia Mazinde, kule chini nyikani, uko kivulini. Jicho linaviona vyote viwili. Kamera inabidi ichague. Faili la RAW la biti 14 linabeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, JPEG inabeba 256. Kwa hiyo wakati wa kupiga nabana mwanga ili anga lisiungue, halafu nikirudi nyumbani Tanga nainua vivuli na mashamba yanatokea bila chenga nyingi. Hapo sioni udanganyifu wowote, nimerudisha kile nilichokiona nikiwa nimesimama pale. Ansel Adams, yule mpiga picha wa Kimarekani, ana picha maarufu ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, aliyoipiga 1941. Kila alipoisafisha upya kwenye chumba cha giza alilitia anga weusi, na miaka ilivyokwenda weusi ukazidi. Lakini mwezi ulikuwepo, na makaburi yanayoonekana pale kijijini yalikuwepo; hakubandika kitu.

Ugomvi wangu mimi uko kwenye rangi na ukungu.

Mwenye nyumba ya wageni mmoja huko juu aliniagiza picha kubwa ya ukutani. Niliyompelekea niliipiga Agosti, kiangazi, wakati nyika kule chini ina vumbi na moshi wa watu wanaochoma mashamba. Akaitazama kwenye simu yake, akaniambia, "Kaka, mbona imefifia hivi? Wageni wanataka kijani. Itie rangi." Sikubishana naye, mteja ana haki ya kuomba. Programu nyingi za picha siku hizi zina kitufe cha kufuta ukungu. Nikakisukuma mpaka mbali, nikakoleza kijani, nikaongeza joto la rangi kidogo kwenye anga, lielekee umanjano. Kwa kweli ilivutia. Nikazisafisha zote mbili kwa ukubwa wa daftari nikapanda nazo Lushoto.

Kabla ya kwenda kwa mteja nilipita kwa mzee mmoja mwenye shamba kando ya njia ya Irente, tunafahamiana kwa salamu. Baada ya shikamoo na marahaba nikamkabidhi picha bila maelezo. Ile yenye ukungu aliitazama akaiweka pembeni. Ile ya kijani akaisogeza karibu na macho.

"Hii umepiga lini, mwanangu?"

"Hebu niambie wewe, mzee."

Akaweka ukucha kwenye kona ya chini, mahali ambapo mimi sikuwa hata na habari napo, kwenye kishamba kidogo cha mtu. "Haya ni mabua. Mahindi yameshavunwa, yamekauka. Sasa nyasi hizi za pembeni zimenyeshewa na mvua ipi?" Kisha kidole kikashuka bondeni. "Na Mazinde mbona imesogea?"

Hilo la Mazinde ndilo lililonikaa. Hewa yenye unyevu na vumbi hutawanya mwanga, ndiyo maana kilima cha mbali hupauka na kuelekea bluu, na jicho hutumia kupauka huko kupima umbali. Ukifuta ukungu wote, bonde lililo chini kabisa linapanda hadi miguuni pako, na kile kimo kinachomfanya mgeni ashike mti pale ukingoni kinapotea. Nilikuwa naongeza uzuri huku napunguza mlima.

Tangu hapo kipimo changu ni hicho: mtu wa pale akiishika picha, aweze kusema ni msimu gani na ni saa ngapi. Akishindwa, nimezidisha. Kikazi maana yake ni kwamba kiasi cha joto la rangi nakifunga kwenye Kelvini 5,500 hivi, mwanga wa mchana, nisije nikageuza asubuhi kuwa machweo. Kijani naweza kukipunguza, kukiongeza ni nadra. Kitufe cha ukungu nakigusa kidogo tu, tena kwa milima ya karibu. Na nikiona mstari mweupe ukizunguka kilele, mlima unakaa kama umekatwa kwa mkasi ukabandikwa, basi vivuli nimeviinua kupita kiasi, narudi nyuma. Mwanga wa kioo cha kompyuta naushusha kabla sijaanza, maana kioo kikiwaka sana utatia giza picha, na kwenye karatasi itatoka nyeusi tii.

Msituni Amani, upande wa Muheza, hesabu ni nyingine. Chini ya miti mwanga wote umechujwa na majani, hata shati jeupe linatoka kijani. Huko nasahihisha kwa nguvu bila kuona haya.

Kuhamisha kitu au kubandika anga la siku nyingine sifanyi. Jarida la National Geographic waliwahi kusogeza piramidi za Giza, kule Misri, ili zienee kwenye jalada la Februari 1982, na mpaka leo bado wanasemwa.

Mteja nilimpelekea zote mbili na hadithi ya mabua juu yake. Alicheka, naye ni mzaliwa wa huko huko; akaitafuta ile kona mwenyewe, akaiona. Ukutani akataka yenye ukungu. Ya kijani akasema bado anaihitaji kwa matangazo, nikamwambia asubiri masika yaishe, nitapanda Mei niipige ikiwa kijani cha kweli. Akauliza kama bei ni ileile. Picha bei ni ileile, nikamwambia, nauli ya kutoka Tanga ni yako.